Lala Hapa Leo

Kuingia nyumbani kwa Apolonia Kania kulikuwa rahisi. Kutoka ndiko kulikokuwa na kazi. Ukishakunywa supu yake chachu na kula mkate mweusi uliopakwa mafuta ya bata bukini, ukasema haya, sasa nakwenda, bibi huyo alikuwa ameshafika mlangoni kabla yako. "Lala hapa leo," alisema. Ukimwambia nyumba yako ni ile pale, dirisha lake linaonekana, alikujibu kwamba kitanda chake nacho kinaonekana. Tarishi aliambiwa hivyo asubuhi, jua likiwaka. Padri aliambiwa hivyo akiwa bado na maji ya baraka mkononi. Mtoza kodi, mtu ambaye kwetu huombewa avunjike mguu njiani, naye aliambiwa alale, na inasemekana alilala.

Hapa Myslowice tulimcheka. Watoto wakiagana barabarani waliambiana "lala hapa leo" kwa sauti ya kizee, kisha wakatimua mbio. Wageni walidhani ni ukarimu uliopita kiasi, na wengine wakanong'ona kwamba uzee umeshampanda kichwani. Uzee haukumweza Apolonia hata siku moja. Neno lile lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe hakuambiwa siku alipopaswa kuambiwa.

Ili kulielewa inabidi turudi enzi zile mpaka ulipopita katikati ya mto. Mto wenyewe, Przemsza, si mto wa kujisifia mbele ya watu. Kijana akipiga chafya ng'ambo hii, msichana wa ng'ambo ile anamwambia pole. Lakini chini kidogo ya mji wetu, pale vijito viwili vinapokutana, ndipo zilipokutana dola tatu. Sisi huku tulikuwa wa Kaizari wa Mjerumani. Modrzejów, kule ng'ambo ya daraja, walikuwa wa Kaizari wa Mrusi. Na wale wa kusini walikuwa wa Kaizari mzee wa Austria. Sote tulikuwa Wapolandi, lugha moja, sala moja, mashangazi wale wale. Mababu wa makaizari hao walikaa kitako zamani wakaikata nchi yetu mapande kama keki ya Pasaka, wakapeana mikono ya kwaheri, kila mmoja akaondoka na chake. Mahali pale tulipaita Pembe.

Loo, Pembe ile. Jumapili za kiangazi watu walikuja kwa treni kutoka mbali, wamevaa kofia za majani, wasimame tu penye nyasi watazame dola tatu kwa jicho moja. Bendi ilipiga. Postikadi ziliuzwa. Mvulana mwenye mkono mzuri alisimama Ujerumani, akarusha jiwe, likapita juu ya Urusi likatua Austria, na askari wa Austria akamtukana kwa Kipolandi. Nyama na bukini vilikuwa rahisi kwa Mrusi, kitambaa na sufuria vilikuwa rahisi kwa Mjerumani. Basi wanawake wetu walivuka daraja asubuhi wakiwa wembamba, wakarudi jioni wana mimba za soseji. Bwana Kuhnert wa forodha aliwatazama wakipita, akawatakia uzazi mwema. Alikuwa na mke anayependa soseji, angefanya nini?

Msiniambie kwamba tulikuwa watumwa na kwamba hatukujua. Tulijua. Lakini mtu hukumbuka alikocheka.

Apolonia alizaliwa ng'ambo, Modrzejów, akaolewa huko huko na mswaga bukini. Akamzaa Roch. Mume akaanguka mtoni wakati wa barafu, akatolewa hai, akafa kwa kifua kabla ya Kwaresima. Baadaye Apolonia akaolewa tena upande huu na Kania, mchimba makaa, akamzaa Walenty. Sasa sheria ilikuwa hivi: mke humfuata mume na kaizari wake, lakini mtoto hubaki na kaizari wa baba yake. Roch akabaki Mrusi, akilala kwa bibi yake mzaa baba, na kila mchana akivuka daraja kuja kula kwa mama. Walenty akawa Mjerumani kwa sababu alizaliwa huku. Tumbo moja, makaizari wawili. Kwetu hilo halikumshangaza mtu, lilikuwa jambo la kawaida kama ndugu mmoja kuwa na nywele nyekundu na mwenzake nyeusi. Kania naye mgodi ukamla, na nyumba ikawa ya Apolonia.

Roch alipokua alishika kazi ya marehemu baba yake. Alikwenda ndani, vijiji vya mbali vya Mrusi, akanunua bukini, akawaswaga kwa miguu hadi kwetu, ambako wanunuzi wa Kijerumani waliwapakia kwenye mabehewa. Safari ilikuwa ndefu na miguu ya bukini si ya barabara za changarawe, kwa hiyo waswaga huwavisha viatu. Usicheke. Unachimba kishimo kipana, unamimina lami ya uvuguvugu, unawapitisha ndege humo mmoja mmoja, kisha unawapitisha kwenye mchanga. Lami inaganda na mchanga, na bukini ana soli. Lami ikiwa ya moto unamuunguza, ikiwa baridi haishiki. Apolonia ndiye aliyemfundisha Roch kuipima kwa kiwiko, kama mama anavyopima maji ya kumwogesha mtoto. Kundi lilipoingia uani kwake, alitazama kwanza miguu ya bukini, ndipo akamtazama mwanawe.

"Huyu anachechemea."

"Mama, mimi pia nachechemea. Mimi huniulizi?"

"Wewe hununuliwi kwa uzito."

Nyuma yake, sikuzote, alikuja Hilary, mswaga mwenzake, mrefu, mwembamba, mwenye kicheko kikubwa kuliko kifua chake. Hilary alikula uani pale kana kwamba ndiye mtoto wa tatu.

Majira ya baridi ya mwaka 1912 ndipo mambo yalipoharibika, na yaliharibika kwa kicheko. Huko Balkani watu walikuwa wanapigana, Mwaustria na Mrusi wakaanza kutunishiana misuli juu ya vita visivyokuwa vyao, na magazeti yakasema askari wa akiba wataitwa. Roch alikuwa askari wa akiba wa Mrusi. Walenty alikuwa amefikia umri wa kuitwa na Mjerumani. Apolonia hakuhitaji gazeti la tatu. Aliona wanawe wawili wamesimama pande mbili za shamba moja, kila mmoja na bunduki, na tangu siku hiyo hakuwa na ombi lingine kwa Mungu: wote wawili wawe upande mmoja wa mto, upande wowote ule.

Jioni moja Roch alikuja kula. Alipoinama kufunga buti zake mlangoni, mama yake akamshika bega.

"Lala hapa leo."

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Lala tu."

Usiku mmoja ukawa wiki tatu. Alimpandisha darini, kwenye magunia ya manyoya, akamletea chakula kwenye ndoo, akamkataza hata kukohoa. Huko chini maisha yaliendelea, na majira ya baridi kwetu maisha ni kuchambua manyoya. Wanawake hukusanyika nyumba hii leo, ile kesho, wakaizunguka meza, wakachana kila unyoya kutoka kwenye uti wake, ili msichana au mvulana wa nyumba hiyo apate mfarishi wa harusi, blanketi nene la manyoya. Mlango hufungwa. Mtu hacheki kwa nguvu, hapigi chafya, hapepei mkono, maana pumzi moja tu na kazi ya jioni nzima inapaa. Hadithi husimuliwa kwa sauti ya chini. Sidhani kama duniani kuna mahali umbea ulipikwa kwa moto mdogo hivyo.

Jioni moja zamu ikawa ya nyumba ya Apolonia, na walichambua manyoya ya mfarishi wa Roch mwenyewe. Salomea, jirani mjane, alikuwepo. Ulimi wa Salomea ungeweza kunyoa ndevu. Alisoma magazeti yote yaliyofungiwa samaki, na ndiye aliyekuwa waziri wetu wa mambo ya nje.

"Nyinyi mnashangaa kwa nini wanagombana," alisema huku akichana. "Walipokuwa na vya kugawana walikuwa mashemeji. Wakatugawana sisi. Wakagawana Afrika, hawakuacha hata mfupa. Juzi wameng'ang'aniana Moroko, wakakaribia kung'oana meno. Sasa sahani ni tupu, na wote bado wameshika uma."

"Basi si waende kulala," alisema mwanamke mwingine.

"Mwenye njaa ya tamaa halali, dada. Mjerumani anaunda manowari apate bahari ya Mwingereza. Mrusi anajenga reli kwa fedha ya Mfaransa, na reli zenyewe zote zinaelekea huku kwetu. Unadhani analeta kabichi?"

Apolonia aliendelea kuchana. Na hapo darini, kwenye magunia, Roch akapiga chafya.

Haikuwa chafya ya kawaida. Ilikuwa ya mtu aliyeizuia tangu Jumatatu. Akajikwaa, gunia likapita kwenye tundu la ngazi, likapasuka juu ya meza. Theluji iliyoanguka ndani ya chumba kile hatujapata kuiona tena. Wanawake walikohoa, wakacheka, wakalia kwa kicheko. Na katikati ya wingu hilo akashuka kidume cha miaka ishirini na minane, mweupe kuanzia nywele hadi soksi, akasema, "Habari za jioni, mama zangu."

Vita havikuja. Wakubwa walikubaliana kwa mara nyingine. Kilichokuja ni jina: Roch wa Manyoya. Wanunuzi wake wa bukini wa sikukuu ya Mtakatifu Martin ya Novemba, siku ambayo kila nyumba hula bukini, walikuwa wameshachukuliwa na mswaga mwingine. Kila alipopita sokoni mtu mmoja alipiga chafya, na soko zima likafuatia. Mama yake naye alipata lake: hofu yoyote ya kijinga mjini iliitwa Vita vya Apolonia. Mtoto akiogopa mbwa, ni Vita vya Apolonia. Hata Bwana Kuhnert wa forodha alimwuliza darajani kama darini bado kuna jeshi.

Roch hakukasirika kwa makelele. Alikuja Krismasi, akavunja naye mkate mwembamba wa mkesha, wakatakiana heri kama desturi, na mbele ya wote mezani akasema, "Mama, heri moja tu naomba kwako. Usinifiche tena."

"Sitakuficha tena," Apolonia alisema. Salomea alikuwa shahidi.

Mwaka na nusu ulipita. Kiangazi cha 1914 kilikuwa kizuri kupita vyote ninavyovikumbuka, cheri zilivunja matawi. Mwishoni mwa Juni mrithi wa kiti cha Austria akapigwa risasi huko Sarajevo. Tulisikitika kidogo, kwa adabu, tukarudi kwenye cheri. Tulishaona mengi: Bosnia, Moroko mara mbili, Balkani mara mbili. Kila mara magazeti yalipiga ngoma, kila mara wakubwa wakala chakula cha jioni pamoja, yakaisha. Makaizari wetu, tuliambiana, huandikiana barua kama mabinamu, na huyu wetu na yule wa Mrusi kweli ni mabinamu. Tena Pembe iko hapa, wanaifaidi wote, nani atavunja uzio wa nyumba yake mwenyewe? Ujinga huo ulikuwa wetu sisi wa Pembe. Mtu wa mbali, asiyeujua mpaka, angeogopa. Sisi tuliuzoea kiasi cha kuuona kama samani.

Siku ya Alhamisi, mwisho wa Julai, Roch na Hilary waliingiza kundi la kwanza la mwaka uani kwa Apolonia. Mwaustria alikuwa ameshaanza kuipiga Belgradi kwa mizinga. Walenty wakati huo alikuwa kambini, amevaa sare ya Kijerumani, akitumikia mwaka wake wa pili. Salomea alikuwa amekaa kwenye benchi uani, anamenya viazi vya nyumba yake kwenye kivuli cha nyumba ya Apolonia.

"Enhe, Salomea," Roch alisema, "leo waziri anasemaje?"

"Anasema hivi. Mwaustria anamchapa Mserbia. Mserbia ana kaka mkubwa, Mrusi. Mwaustria naye ana kaka mkubwa, huyu wetu wa masharubu. Mrusi amekula kiapo na Mfaransa. Na Mfaransa ana rafiki yake Mwingereza, ambaye hampendi mtu yeyote ila bahari yake. Mmoja akinyanyuka, wote wamefungwa kamba moja."

"Basi wataanguka wote pamoja, wacheke, waende nyumbani."

"Au waende darini," Salomea alisema, akapiga chafya ya uongo. Hilary alicheka mpaka bukini wakaitika. Roch pia alicheka. Apolonia aliinama kutazama soli za bukini, na uso wake haukuonekana.

Alitayarisha supu. Alimtazama mwanawe akila, akaona mvi moja juu ya sikio, akataka kuing'oa, akaacha. Roch alisema baada ya Mtakatifu Martin ataoa, msichana ameshapatikana huko vijijini, mfarishi uwe tayari. Mama akasema mfarishi uko tayari tangu mwaka ule, tena una manyoya kuliko mfarishi wowote mjini, maana yale yaliyomwagika waliyaokota yote. Wakacheka tena. Ndani yake neno lilikuwa limesimama wima, maneno matatu tu, mepesi, hata mtoto anayaweza. Akawaza: nikisema, Salomea yuko pale nje. Nikisema, kesho soko zima litapiga chafya. Niliahidi mbele ya mkate wa mkesha. Na vita visipokuja, atakoma kuja kula kwangu.

Hilary alitangulia darajani. Roch alikaa kwenye kizingiti, akafunga kamba za buti zake. Alichukua muda. Alifunga upande mmoja, akafungua, akafunga tena. Apolonia alisimama nyuma yake, mkono wake uko juu ya bega la kijana, haujagusa.

"Vaa koti," alisema. "Kuna umande."

"Ndiyo, mama."

Akaondoka. Alipofika kwenye geti la daraja aligeuka akapunga mkono, kama kila siku, na Bwana Kuhnert akainua ubao wa kizuizi.

Asubuhi yake makaratasi mekundu yalikuwa yamebandikwa kwenye kuta zote za Modrzejów: askari wa akiba, wote, mara moja. Sisi tulizisikia habari kwa kelele za wanawake kutoka ng'ambo. Apolonia alikimbia darajani na kitambaa cha kichwa mkononi. Ubao ulikuwa chini, na nyuma yake askari wageni wasiojua jina la mtu.

"Bwana Kuhnert," alisema, "nipitishe tu nimwambie neno moja."

Bwana Kuhnert, aliyemtakia uzazi mwema mara mia, alitazama buti zake. "Mama Kania, tangu leo mimi si jirani. Nisamehe. Rudi nyumbani."

Alisimama pale hadi jioni. Mto ule mwembamba, ambao jiwe la mvulana liliuvuka, ulikuwa umepanuka, na watu wa ng'ambo walikuwa wanapelekwa ndani ya Urusi kwa mabehewa kama yale ya bukini. Hakumwona mwanawe. Kesho yake Mjerumani akamtangazia Mrusi vita, kisha wale waliofungwa kamba moja wakaangukiana mmoja baada ya mwingine, sawasawa na Salomea alivyosema, na Salomea hakuonekana mitaani wiki nzima.

Sasa sikiliza jambo ambalo Apolonia alilisikia kila siku ya vita vile, bila mtu kukusudia kumwumiza. Waswaga na vibarua wa upande wa Mrusi waliokuwa wamelala upande wetu usiku ule wa Alhamisi walikamatwa. Wajerumani hawakuwaruhusu kurudi kwao. Waliwatia migodini wachimbe makaa hadi mwisho. Walikonda, waliugua, walitukanwa. Lakini walikuwa hai. Walipita mbele ya nyumba yake wakitoka zamu, nyuso nyeusi, wakimwamkia. Yeye aliwapa mkate, na kila aliyempa alimhesabu kuwa ndiye Roch, laiti angelala.

Bukini wa kundi la mwisho walichukuliwa na jeshi. Alificha dume mmoja. Lami ilipochakaa miguuni mwake alimvisha viatu upya, akapima lami kwa kiwiko chake. Jirani akamwuliza bukini huyu anasafiri wapi. Apolonia akasema mwenye kumswaga akirudi asimkute peku.

Walenty alirudi. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vilibaki Ulaya ya mashariki, maana huko ndiko alikopelekwa majira ya baridi ya kwanza, kupigana na Warusi. Mama yake hakumwuliza alilenga nani. Yeye naye hakusema. Walikula meza moja miaka kadhaa, kati yao kiti cha tatu, na mwana huyo alikuwa akiamka usiku na kwenda kukaa uani na lile dume la bukini.

Makaizari wote watatu waliondoka. Wa Mrusi aliuawa na watu wake, wetu alikimbia, wa Austria, aliyemrithi yule mzee, hakubaki hata na dola ya kuikimbia. Mwaka 1922 mji wetu nao ukaingia Poland iliyozaliwa upya, na mpaka ukang'olewa mtoni. Watu walivuka daraja kwa bendi na maua. Apolonia alivuka pia, lakini alipofika pale ubao ulipokuwa alisimama, akatafuta pasi mfukoni, akangoja. Nyuma yake watu walimpisha wakicheka. Tulipata nchi yetu, na Mungu ashukuriwe. Ila na mimi nilipotazama kibanda kitupu cha forodha nilipunguza mwendo, na haikuwa kwa hamu ya kaizari yeyote.

Vuli ya mwaka huo huo mtu mrefu, mwembamba, mwenye ndevu za kijivu alisimama uani. Dume la bukini lilimlilia kwa hasira. Yule mtu akalitazama miguu, akaona viatu vya lami, akacheka. Kwa kicheko hicho Apolonia alimtambua.

"Hilary."

"Mimi, mama."

Alikuwa amekwama Urusi miaka yote, vita vimoja vikimkabidhi kwa vingine. Akaketishwa, akapewa supu, Walenty akakaa mbele yake. Mwishowe Hilary aliweka kijiko chini, akawaambia. Roch alifariki majira ya kuchipua ya mwaka 1915, katika behewa la wagonjwa, kwa homa ya chawa. Yeye Hilary alikuwa kando yake, alimfumba macho.

"Homa?" Walenty aliuliza. "Si risasi?"

"Homa. Risasi haikumgusa hata siku moja, yule. Alikuwa na bahati ya mbwa."

Walenty akaweka kichwa juu ya meza, kati ya sahani, akalia. Alilia kwa sauti, mwanamume mzima, na mama yake akamwekea mkono kisogoni. Ndipo alipoelewa alichokuwa amebeba mwanawe huyu wa pili miaka yote.

Hilary, akitaka kuwafariji, akatafuta jambo la kuchekesha. Kicheko ndicho alichokuwa nacho tangu zamani.

"Alikusifu sana, mama. Humo kwenye behewa alikuwa anacheka peke yake. Nikamwuliza unacheka nini. Akasema, 'Hilary, jioni ile ya mwisho nilifunga buti, nikafungua, nikafunga tena. Mwenyewe nilikuwa naogopa, lakini niliona haya kusema, baada ya manyoya yale. Nikawaza, mama akisema lala hapa leo, nalala, waache wapige chafya. Nikasikiliza. Hakusema. Nikajua basi hakuna vita, maana mama yangu huvinusa kabla ya magazeti.' Ndivyo alivyosema. Alikuamini kuliko magazeti, mama."

Alitabasamu, akingoja watabasamu. Apolonia aliinuka. Alikusanya sahani, akaziosha, akazikausha moja moja, akazipanga. Nje jua lilikuwa linashuka juu ya mto. Hilary alisimama, akashukuru, akasema sasa aende kwao Modrzejów, mama yake mzazi anamngojea, na daraja siku hizi halina geti, ni dakika chache tu. Akakaa kwenye kizingiti kufunga kamba za buti.

Akahisi mkono begani mwake, na safari hii ulishika.

"Lala hapa leo," Apolonia alisema.

"Mama, kwetu ni pale. Paa lake linaonekana."

"Lala hapa leo."

Mkono wake wa pili ulikumbatia mfarishi aliokuwa ameushusha, ule mkubwa wa harusi ya Roch, ambao haujalaliwa na mtu, na unyoya mmoja ulikuwa umemnasa kwenye nywele. Hilary alimtazama. Kisha akainama, akaanza kufungua buti zake.